Picha kubwa ya mnyama yenye rangi kali sebuleni: nianzie wapi?

Mama Pendo (Kiamunyi, Nakuru)

Nawasalimu nyote. Mwezi uliopita tulihamia nyumba yetu wenyewe hapa Kiamunyi baada ya miaka tisa ya kupanga, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nina kuta ambazo naweza kuzipigilia msumari bila kumwomba mtu ruhusa. Sebule ina urefu wa mita 4.2 na upana wa mita 3.5. Kuta zote zimepakwa rangi ya krimu, sakafu ni ya vigae vya kijivu, na kochi kubwa lenye urefu wa mita 2.1 ni la kahawia iliyokolea. Chumba ni safi na kina nafasi ya kutosha, lakini kila jioni ninapoketi humo nahisi kama niko katika chumba cha kumsubiri daktari.

Nataka picha kubwa ya kanvasi ya mnyama, yenye rangi za nguvu. Nimeiona moja ya uso wa simba ambaye manyoya ya shingoni yamepakwa buluu, rangi ya machungwa na zambarau, na tangu siku hiyo haijaniondoka akilini. Mwanangu wa miaka minne aliiona kwenye simu yangu akataka aonyeshwe tena na tena. Mume wangu hakuipinga, ila aliniuliza swali ambalo sijaweza kulijibu: je, baada ya mwaka mmoja tutakuwa bado tunapenda kuitazama, au tutakuwa tumeichoka na kushindwa kuitoa kwa sababu ya fedha tulizolipa?

Kuna jambo jingine ambalo labda halihusiani na upambaji, lakini ni la kweli kwangu. Nimezaliwa na kulelewa Nakuru. Nilipokuwa msichana, mtu akisimama sehemu za juu za mji aliweza kuona ukingo wa ziwa ukiwa wa waridi kwa wingi wa heroe, wale ndege wanaoitwa pia flamingo. Maji yalipopanda katika miaka ya karibuni, wengi wao walihamia Bogoria na kwingineko, na mwanangu hajawahi kuuona ukingo ule nilioujua mimi. Kwa hiyo ninaposema nataka mnyama ukutani, sisemi mnyama yeyote tu, ingawa bado sijui ni yupi.

Naomba mnisaidie. Picha iwe na ukubwa gani? Je, nibadilishe rangi ya ukuta? Nilikuwa nimepanga kuitundika juu ya kochi, kwenye ukuta unaotazamana na dirisha kubwa la upande wa magharibi, ili iangazwe vizuri na jua la jioni. Nyumba ni ya mawe ya kuchongwa, yaliyopigwa lipu ndani.

Mwalimu wa Sanaa (Kakamega)

Mama Pendo, hongera kwa nyumba. Nimefundisha uchoraji kwa miaka mingi na nimeulizwa mambo haya na wazazi wa wanafunzi wangu, lakini ni mara chache nimekutana na mtu aliyeuliza kile alichouliza mumeo, nacho ndicho kinachopaswa kutangulia maswali ya ukubwa na rangi.

Picha ya rangi kali haimchoshi mtu kwa sababu ya ukali wa rangi zake. Humchosha kwa sababu kila sehemu yake inadai kutazamwa kwa wakati mmoja, jicho likakosa mahali pa kupumzikia. Zitazame kazi za Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru, kusini mwa Tanzania, mwaka 1932, na kuanza kuchora wanyama jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Alitumia vipande vya hadibodi, yaani mbao nyembamba za nyuzi zilizobanwa, na rangi za mafuta zenye kung'aa. Rangi zake ni kali kuliko nyingi zinazouzwa leo, na bado watu hawajazichoka zaidi ya miaka 50 baada ya kifo chake mwaka 1972. Mnyama wake mara nyingi husimama peke yake, mkubwa, juu ya uwanja wa rangi moja au mbili. Madoa na mistari yote imo ndani ya mwili wa mnyama, na nje yake kuna utulivu. Chukua kipimo hicho uende nacho kwa yule simba wa simuni: je, nyuma ya kichwa chake pametulia, au kuna matone, michirizi na maua hadi pembezoni? Kama ni hivyo vya mwisho, mumeo ana haki ya kuhofia.

Kuhusu ukuta, usiupake rangi nyingine kwa sasa. Krimu ni rangi ya kufaa, lakini ina sharti moja ambalo watu hulisahau. Ukiweka juu yake picha ambayo uwanja wake ni mweupe kabisa, ule weupe wa barafu, ukuta wako utaonekana mchafu siku hiyohiyo, hata kama ulipakwa juzi. Chagua picha ambayo uwanja wake una rangi kamili, au kama ni mwepesi, uelekee umanjano na si ubuluu. Kochi la kahawia litakusaidia sana, kwa kuwa kahawia ni jamaa wa karibu wa rangi ya machungwa, na rangi ya machungwa hukabiliana na buluu katika gurudumu la rangi, yaani lile duara ambalo rangi zote hupangwa kwa kuzunguka. Rangi mbili zinazokabiliana hivyo zikiwekwa pamoja, kila moja huifanya mwenzake ing'ae zaidi. Baada ya picha kutundikwa, chukua rangi moja tu kutoka ndani yake, tena iwe ile iliyo ndogo na si ile iliyotawala, uirudie mahali pawili chumbani: mto mmoja wa kochi na chungu cha maua, kwa mfano. Ukiirudia mahali pengi zaidi ya hapo, sebule itaanza kufanana na duka la vitambaa.

Sasa niruhusu niseme kuhusu heroe, kwa maana umewataja kwa namna inayoonyesha kwamba moyo wako umeshaelekea huko. Waridi wao hawazaliwi nao. Kifaranga wa heroe ni wa kijivu. Rangi huja polepole kutokana na chakula, hasa vijimea vidogo mno vinavyoishi katika maziwa ya magadi. Vijimea hivyohivyo ndivyo vinavyoyapa maji ya ziwa rangi ya kijani. Na kijani hukabiliana na waridi na wekundu kwenye gurudumu la rangi kama vile buluu inavyokabiliana na rangi ya machungwa. Yaani ule ukingo uliouona utotoni ulivutia macho yako kwa kanuni ileile ninayoifundisha darasani, na mchoraji akiufuata kwa uaminifu hahitaji kubuni rangi yoyote. Jihadhari tu na picha ambazo heroe ni waridi mmoja mtupu kama peremende. Heroe wa kweli ana weupe unaokaribia ule wa karatasi, ana wekundu mzito kwenye bawa, na akilikunjua bawa huonekana manyoya meusi. Weusi huo ndio unaoipa picha uti wa mgongo.

Kabla ya kulipa chochote, bandika ukutani makaratasi ya magazeti yenye ukubwa uleule wa picha unayoifikiria, uyaache juma zima. Utakapofika Ijumaa utakuwa umejua kama ni kubwa mno au ni ndogo mno. Wengi hugundua kwamba walitaka kununua ndogo.

Fundi wa Kondele (Kisumu)

Mama, mwalimu amesema vizuri juu ya picha, nami niseme juu ya ukuta, kwa sababu nimetundika mamia ya picha na vioo na kazi yangu nyingi imekuwa kurekebisha zilizotundikwa vibaya.

Usitundike mahali ulipopanga. Ukuta unaotazamana na dirisha la magharibi ndio ukuta mbaya kuliko yote katika nyumba za huku kwetu. Tuko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, ambao unapita hapo Maseno, kwa hiyo jua letu halijifichi upande mmoja kwa miezi kadhaa kama katika nchi za mbali. Mwaka mzima linazama magharibi, na kila jioni isiyo na mawingu litaingia dirishani mwako likiwa chini na kuupiga ukuta huo moja kwa moja. Nakuru iko juu, kama mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, na huko juu hewa ni nyepesi na jua lina makali zaidi. Rangi nyekundu na waridi mara nyingi ndizo huanza kufifia. Unaweza kununua picha ya heroe na baada ya miaka michache ukabaki na picha ya korongo wa kijivu.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuweka pazia jepesi la ndani na kuhakikisha linafungwa kila siku kuanzia saa tisa alasiri, jambo ambalo nyumba yenye mtoto haitalitimiza. Ya pili ni kuhamisha kochi. Umesema urefu wa chumba ni mita 4.2. Kama kuta ndefu zinatazama kaskazini na kusini, kwa kuwa dirisha liko magharibi, weka kochi kwenye mojawapo ya hizo. Picha itapata mwanga wa pembeni, ambao huonyesha rangi vizuri zaidi kuliko jua la usoni, na hutaona mng'ao juu yake ukiwa umeketi.

Kuhusu ukubwa, picha iliyo juu ya kochi hupendeza ikichukua kama theluthi mbili za urefu wa kochi. Kwa mita 2.1 tunapata sentimita 140. Kimo kiwe kama 90. Ukingo wa chini wa picha ukae sentimita 15 hadi 20 juu ya mgongo wa kochi, usizidi hapo, kwa maana kosa ninaloliona katika nyumba tisa kati ya kumi ni picha kutundikwa juu mno, karibu na dari, ikawa haina uhusiano na chochote kilicho chini yake. Mgongo wa kochi ukiwa na kimo cha sentimita 85, ongeza 18, kisha nusu ya 90, utapata kitovu cha picha kwenye sentimita 148 kutoka sakafuni, ambacho ni kimo cha macho ya mtu mzima wa kawaida aliyesimama. Hesabu imejipanga yenyewe.

Mawe ya kuchongwa ya Nakuru mengi ni laini, yametokana na majivu ya volkeno. Msumari wa saruji ukiugonga utaingia, lakini utapasua lipu na baada ya miezi utaanza kulegea. Toboa kwa drili yenye ncha ya milimita 6, ingiza vile vikonyo vya plastiki vinavyoishika skrubu ndani ya tundu, kisha kaza skrubu. Tumia skrubu mbili zilizoachana kama sentimita 80, zipimwe kwa pima maji, kwa sababu picha inayoning'inia kwenye msumari mmoja itapinda kila mlango ukifungwa kwa nguvu. Usitoboe juu au chini ya swichi na soketi kwa mstari wima, maana nyaya hupita humo.

Ukiagiza kanvasi, uliza mambo matatu. Kwanza, mbao za fremu ziwe zimekauka kabisa. Saipresi mbichi itajikunja na picha itakuwa kama tanga la mashua. Kwa sentimita 140 lazima pawe na ubao wa kukatiza katikati. Pili, uliza kama pembe za fremu zina kabari. Kanvasi ya pamba hulegea msimu wa mvua, na ukigonga kabari kidogo kwa nyuma inakazika tena. Isiyo na kabari ikilegea inabidi ing'olewe na kuvutwa upya. Tatu, uliza aina ya wino. Wino wenye chembechembe za rangi hustahimili mwanga kwa miaka mingi kuliko ule wa rangi iliyoyeyushwa. Mwenye duka asiyeweza kukuambia anatumia upi, mwache.

Binti wa Dunga (Kisumu)

Nakubaliana na Fundi kuhusu jua, lakini ningependa kumwonya Mama Pendo kuhusu jambo lililonigharimu. Mwaka juzi nilipenda picha ya viboko wakiwa majini machweo, niliyopigiwa na binamu yangu hapa ziwani. Alinitumia kwa WhatsApp, nami nikaipeleka kama ilivyo katika duka moja la kuchapisha, nikaomba iwe na upana wa zaidi ya mita moja. Waliichapisha bila kuniuliza swali lolote. Niliporudi kuichukua, vichwa vya viboko vilikuwa vimekuwa vigae vya kahawia, na mwenye duka akaniambia kwamba picha ndiyo ilikuwa mbaya.

Picha haikuwa mbaya. Ilikuwa imebanwa na programu ikapoteza sehemu kubwa ya umbo lake. Nilijifunza baadaye kwamba kila inchi ya kanvasi huhitaji angalau pikseli 100, na 150 ni bora zaidi. Kwa sentimita 140 kwa 90 alizopendekeza Fundi, unahitaji picha yenye pikseli zipatazo 5,500 kwa 3,500, yaani kama milioni 19. Mwombe mpiga picha au mchoraji akutumie faili asilia kwa barua pepe, au ukitumia WhatsApp alitume kama hati na si kama picha. Tena muulize kwa uungwana kama anaruhusu ichapishwe, na umlipe. Zile zinazookotwa mtandaoni zina wenyewe, na nyingi ni ndogo mno kwa kazi hii hata kama zinaonekana safi kwenye simu.

Kumbuka pia kwamba kanvasi huzungushwa pembeni mwa fremu. Sentimita nne au tano kila upande huenda ubavuni. Kama masikio ya simba yamefika ukingoni, yatapinda na kutoweka.

Ninapotofautiana na wenzangu ni kuhusu picha moja kubwa. Mimi niliishia kuweka tatu, kila moja na upana wa sentimita 45, zikiwa zimeachana sentimita tatu. Jumla yake ni karibu 140 ileile, zilibebeka kwa bodaboda kutoka mjini, na nikihama nyumba zitaingia popote. Kwa mpangaji huo ni unafuu mkubwa.

Mwalimu wa Sanaa (Kakamega)

Binti wa Dunga, tatu ni sawa kwa mandhari au kwa kundi la wanyama, na kwa viboko wako nina hakika zimependeza. Kwa uso mmoja wa simba sitakubali. Mpasuko utapita kwenye jicho au kwenye pua, na jicho la mnyama ndilo linalobeba picha nzima. Nimeona uso wa chui uliokatwa vipande vitatu katika ukumbi mmoja wa mikutano, na sikuweza kumtazama chui bila kuiona mianya. Mama Pendo akichagua heroe wengi wakiwa wamesimama majini, basi vipande vitatu vinawezekana, mradi mianya ipite katikati ya ndege na si juu ya shingo zao.

Nilisahau kusema jambo moja. Angalia mnyama anatazama wapi. Akiwa anatazama upande, mtundike ili atazame ndani ya chumba na si kuelekea mlangoni. Anayetazama mlango huyavuta macho ya watu nje.

Ummu Salma (Bondeni, Nakuru)

Assalaam aleikum Mama Pendo, na karibu nyumbani kwako. Mimi ni jirani yako wa mji mmoja, nami nachangia kwa upande ambao pengine haukuuwazia. Utakuwa na wageni wa kila aina, na baadhi yetu Waislamu hatuweki picha za viumbe wenye roho majumbani, wala hatupendi kusali katika chumba kilicho na picha hizo. Sisemi hivi kukukataza kitu katika nyumba yako. Shemeji yangu ni Mkristo, ana twiga mkubwa sebuleni, na mama mkwe akimtembelea huandaliwa mkeka katika chumba cha wageni ambacho kuta zake ni tupu. Huo ni ukarimu mzuri na hakuna aliyewahi kuuzungumzia kwa ubaya. Kwa hiyo, ukiwa na chumba cha ziada, kiache bila wanyama.

Kuhusu rangi naweza kukusaidia zaidi, maana nashona mapazia. Kabla ya kununua mito mipya, peleka kipande cha kitambaa nyumbani ukitazame usiku chini ya taa zako. Taa nyingi zinazouzwa madukani kwetu ni zile nyeupe zenye ubuluu, zilizoandikwa 6500K, nazo hufanya waridi ionekane ya kijivu na rangi ya machungwa ipoe kama chai iliyosahauliwa. Zile za 2700K au 3000K hupendezesha waridi na wekundu lakini hupunguza nguvu ya buluu. Kama ni simba wa buluu, chagua taa ya 4000K iliyo katikati. Kama ni heroe, chukua ya 3000K. Watu hubadilisha rangi ya ukuta mara mbili kabla ya kufikiria kubadilisha balbu, na balbu ndiyo iliyo rahisi.

Babu wa Rongai

Wanangu, nimesoma kwa furaha. Niongeze neno la mzee. Kwetu Wakalenjin kila ukoo una kiumbe chake, tunachokiita tiondo. Kuna wa simba, wa tembo, wa nyuki, na wengine. Mtu alikua akijua kwamba mnyama huyo ni kama ndugu, na hakumdhuru. Mama Pendo, sijui wewe ni wa watu gani, lakini waulize wazee wa pande zote mbili kabla ya kuchagua, kwa sababu huenda kuna mnyama ambaye tayari ni wa nyumba yenu, na huenda pia kuna ambaye bibi wa mtoto hatakaa naye chumba kimoja. Bundi, kwa mfano, hata akipakwa rangi zote za upinde wa mvua, kuna nyumba nyingi za huku ambazo hatavuka kizingiti.

Na kama unamtafuta mnyama wa hapa, usiwasahau twiga wetu. Wale walio katika mbuga ya Ziwa Nakuru waliletwa mwaka 1977 kutoka upande wa Soy, walipokuwa wamebaki wachache na mashamba yamewazunguka. Wana miguu myeupe kuanzia magotini kwenda chini, kama waliovaa soksi. Mchoraji akimchora twiga wa Nakuru akiwa na madoa hadi kwatoni, mwambie amekosea.

Mama Pendo (Kiamunyi, Nakuru)

Nawashukuru nyote kutoka moyoni. Nimechukua majuma matatu kabla ya kurudi hapa kwa sababu nilitaka kufanya mlichoniambia kabla ya kusema chochote.

Nilibandika magazeti. Nilianza na ukuta wa kochi kama nilivyokuwa nimepanga, na siku ya pili, saa kumi na moja jioni, mume wangu aliniita nikatazame: jua lilikuwa limeyaangukia magazeti yote kutoka pembe hadi pembe. Tulihamisha kochi usiku huohuo hadi ukuta wa kusini. Ukuta huo una mlango wa kuelekea vyumbani mwishoni mwake, umebakiza mita tatu na ushei, na kochi limetosha. Nilibandika magazeti ya sentimita 100 kwa 70, yakaonekana kama leso iliyosahauliwa kwenye kamba. Ya 140 kwa 90 yalikaa vizuri mara moja, na hata mume wangu, aliyekuwa na hofu ya ukubwa, alikiri.

Kwa simba nilifanya jaribio la mwalimu. Nyuma ya kichwa chake pana matone ya rangi saba hadi pembezoni, nami nilipomtazama kwa dakika tano bila kuinua macho, nilichoka. Nimemwacha, ingawa kwa shingo upande. Mwanangu bado anamuulizia, kwa hiyo tumekubaliana kwamba chumbani kwake atapata simba mdogo wa sentimita 40, aliyelala na kufumba macho, kwa sababu sitaki aamke usiku akute macho mawili yanamkodolea.

Mama yangu nilimuuliza kama alivyoshauri Babu. Alinyamaza kidogo, kisha akanisimulia jinsi marehemu baba alivyokuwa akitupeleka ukingoni mwa ziwa Jumapili baada ya ibada, akaniuliza kwa nini nilikuwa natafuta mbali. Basi ni heroe. Nimempata mchoraji kijana hapa mjini ambaye atawachora kwa mkono kwa rangi za akriliki, wakiwa saba, wamesimama katika maji ya kijani kibichi yaliyotulia, juu yao pakiwa na uwanja mpana wa manjano hafifu ya asubuhi. Nilimsomea maneno ya mwalimu kuhusu manyoya meusi ya bawa, akatabasamu na kusema alikuwa ameshayachora. Itakuwa picha moja, si tatu. Mto mmoja wa kochi utakuwa wa kijani kile, na tayari nimenunua taa mbili za 3000K.

Limebaki swali moja tu kwa Fundi. Mchoraji anasema kanvasi itakuwa tayari ndani ya majuma mawili, na mvua ndiyo imeanza. Je, niitundike mara moja, au ningoje?

Fundi wa Kondele (Kisumu)

Mama, itundike, usiiache imeegemezwa sakafuni, kwa sababu unyevu wa sakafu na miguu ya mtoto vitaiharibu kabla ya mvua kuifikia. Lakini kwanza muulize mchoraji kama rangi imekauka na kama amepaka vanishi ya juu. Vanishi isiyokauka hunasa vumbi na haitoki tena. Nyumba ikiwa mpya, lipu huwa bado inatoa maji, kwa hiyo bandika vipande vidogo vya kizibo au mpira kwenye pembe nne za nyuma ya fremu ili hewa ipite kati ya kanvasi na ukuta. Unene wa sentimita moja unatosha. Mvua zikiisha, igeuze uangalie nyuma. Ukiona alama za ukungu, ifute kwa kitambaa kikavu na uiache mahali penye hewa siku mbili kabla ya kuirudisha. Kabari ukazigonge wakati huo, si sasa.